Filamu yako ya kwanza Mtwara: kibanda umiza, uwanjani au ukumbini?

Vijana wa Mtwara na Lindi hunipigia simu na swali lile lile. Filamu imekwisha. Imo kwenye flashi, pengine ya dakika 18, pengine 50. Imepigwa kwa kamera ya kuazima au kwa simu, waigizaji ni ndugu na majirani, na mwenyewe hajalala vizuri tangu alipomaliza kuihariri. "Kaka, niioneshee wapi?"

Kwetu kusini sehemu zinazopatikana kirahisi ni tatu: kibanda umiza cha mtaani, yaani kibanda cha kulipia kutazama filamu na mpira, uwanja wa wazi wenye projekta na kitambaa cheupe, na ukumbi wa kualika watu. Nimeonesha filamu katika zote tatu, zangu na za wenzangu, na kila moja ilinirudisha nyumbani na kitu ambacho nyingine haikunipa. Ndiyo maana sitakwambia ipi ni bora. Nitakueleza kila moja inafanyaje kazi, ili uichague kwa filamu uliyonayo wewe.

YouTube sikuiweka humu. Filamu ikishapanda mtandaoni imeshaonekana, na matamasha mengi huuliza hilo kabla hayajaipokea. Kupandisha hakuna haraka, kunaweza kufuata baadaye.

Mambo manne ya kupimia

La kwanza ni watu: siyo wangapi, bali nani. Bibi wa miaka 70, dereva wa bodaboda na mwalimu wa chuo hawaoni filamu moja hata wakikaa benchi moja.

La pili ni picha na sauti. Kazi ya mwaka mzima inaweza kufa kwa spika mbovu.

La tatu ni pesa pamoja na ruhusa. Nazitaja pamoja kwa sababu ruhusa iliyochelewa hula pesa: umeshalipia projekta, umeshatangaza, na karatasi bado iko mezani kwa mtu.

La nne ndilo ambalo wengi hawaliulizi kabisa: utarudi na nini? Wapo wanaotaka viingilio, wapo wanaotaka mfadhili wa filamu ya pili. Mimi kwa filamu ya kwanza hutaka kujua ni dakika gani watu walichoka na ni wapi hawakuniamini. Jiulize hili kabla ya yale matatu, maana majibu yake yanabadilisha yote.

Sheria inazigusa sehemu zote tatu. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976 inataka filamu ikaguliwe na kupangiwa daraja la umri kabla ya kuoneshwa hadharani, na mwenye kazi hiyo ni Bodi ya Filamu Tanzania. Usianze kwa kubahatisha. Nenda kwa afisa utamaduni wa halmashauri yako, na umwone mapema, siyo wiki ya onesho. Kuhusu muziki, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999 inamlinda mwenye wimbo, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki nchini, ndipo mahali pa kuulizia. Wimbo wa msanii mkubwa ukiuweka chini ya mazungumzo yako bila idhini, umeifunga filamu yako mwenyewe. Tafuta wapiga ngoma wa kwenu, andikianeni makubaliano, walipeni mnachoweza. Filamu nyingi za vijana wetu zingesikika vizuri zaidi hivyo, maana ngoma ya Kimakonde haipatikani kwenye maktaba ya muziki ya mtu wa mbali.

Kibanda umiza

Watu wake wengi ni wanaume vijana: bodaboda wanaosubiri abiria, wavuvi waliorudi alfajiri na kuamka mchana, wapiga debe, wanafunzi waliomaliza shule. Wanawake ni wachache, na wengi hawangeingia hata ungewapa tiketi ya bure. Kama filamu yako ni ya mama na binti yake, ulijue hilo kabla ya kuingia.

Ni watazamaji waliokomaa, na ninawaheshimu. Wameona filamu za China, India, Nigeria na Marekani kwa mamia. Wamelelewa na maDJ wa kutafsiri, watu kama Lufufu, waliokuwa wanaisimulia filamu ya kigeni kwa Kiswahili juu ya sauti za waigizaji, wakiongeza chumvi zao. Kwa hiyo wamezoea mtu azungumze. Filamu ikinyamaza sekunde 20, mtu wa nyuma atauliza kama spika imeharibika. Ukimya wako utapimwa hapa vikali kuliko popote.

Picha ni ya televisheni. Yenye inchi 43 ina upana wa sentimita 95 hivi. Mafundi wa maonesho wana kipimo cha kukadiria: mtazamaji wa mwisho asikae mbali zaidi ya mara sita ya upana wa picha. Kwa televisheni hiyo ni kama mita tano na sentimita 70, yaani benchi la nyuma limeshafika mwisho wa uwezo. Uso mkubwa unaonekana, maandishi ya tafsiri hayasomeki. Tena mchana mwanga hupenya kwenye matundu ya mabati na makuti, kwa hiyo picha zako za usiku zitageuka kioo cheusi. Ukiwa na filamu yenye usiku mwingi, peleka baada ya jua kuzama au iongezee mwanga kwenye uhariri. Sauti, kwa upande mwingine, hapa ni nzuri. Chumba ni kidogo, kuta ziko karibu, neno linafika. Ila mvua ikigonga mabati, basi.

Gharama ni ndogo kuliko zote. Mwenye kibanda ana televisheni, benchi, umeme na wateja wake. Mnakubaliana kugawana kiingilio, au unamlipa saa zake na kuruhusu watu waingie bure. Kiingilio chenyewe ni sarafu moja au mbili, kwa hiyo usipige hesabu ya kurudisha gharama za filamu. Muulize leseni yake na daraja la filamu yako vinakwendaje pamoja, na uliza ratiba ya mpira. Hili la mpira nalisisitiza. Rafiki yangu alikatishwa filamu yake dakika ya 31 kwa sababu watu wa mechi walikuwa wameshajaa mlangoni na mwenye kibanda hakumwambia yeye wala watu wa mechi ukweli wa saa. Filamu haikuendelea tena siku ile. Simba au Yanga wakicheza, au ikiwa ni mwisho wa juma na ligi za Ulaya zipo, usiombe nafasi. Alasiri za Jumatatu hadi Alhamisi ndizo zenye utulivu.

Unachorudi nacho ni ukweli wa miguu. Mtu wa kibanda hakwambii filamu imemchosha, anainuka, anatoka. Mimi hukaa pembeni na daftari na saa, naandika dakika aliyotoka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Katika filamu fupi ya dakika 22 niliyoisaidia kuihariri, watu wanne walitoka dakika ya tisa. Palikuwa na kijana anatembea ufukwe wa Shangani akiwaza. Mwongozaji aliipenda sana ile sehemu, na ilikuwa nzuri kweli, lakini ilikuwa na dakika mbili na nusu. Tulibakisha sekunde 40. Maneno, hata hivyo, usiyategemee. Filamu ikiisha inapachikwa nyingine, na aliyekuwa na la kusema ameshapata abiria.

Inamfaa mwenye hadithi ya mbio, vichekesho au mazungumzo ya kukimbizana, mwenye pesa kidogo, na anayetaka kujua mwendo wa filamu yake. Filamu ya taratibu, au ya lugha inayohitaji kusomewa tafsiri, itaumia bila kosa lake.

Uwanjani

Sinema ya uwanjani kwa nchi hii ni ya zamani kuliko uhuru. Kati ya 1935 na 1937 mradi wa Waingereza uliokuwa na makao yake Vugiri, milima ya Usambara, ulitengeneza filamu za mafundisho na kuzizungusha vijijini kwa gari. Baadaye yakaja magari ya sinema za bure, na ukikaa na wazee jioni utasikia namna walivyokuwa wakiyakimbilia. Kwa hiyo ukifunga kitambaa kati ya minazi miwili huleti kitu kigeni. Unarudisha.

Wanaokuja ni wote. Watoto mbele, chini, wamekaa kabla hujafunga waya. Nyuma yao kina mama na khanga zao, wengine na wachanga. Wazee wanaletewa viti. Vijana wanasimama pembeni na pikipiki zao. Hakuna mlango, kwa hiyo hakuna kiingilio na hakuna namna ya kuzuia umri. Filamu iliyopewa daraja la watu wazima haina nafasi hapa hata kidogo, na hata iliyoruhusiwa kwa wote itazame upya ukijiuliza kama ungekaa nayo pamoja na mama mkwe wako.

Picha ya uwanjani inategemea mbingu kuliko projekta. Kwetu jua huzama kati ya saa kumi na mbili na dakika chache mwezi Juni na saa kumi na mbili na nusu na kidogo mwezi Desemba. Kiza cha kutosha kinakuja kama nusu saa baadaye, kwa hiyo tangaza saa moja na nusu usiku, baada ya Magharibi, na uwe umemaliza mapema, wapo wa Isha na wapo wa kuamka na jembe. Projekta ya lumeni 3,000 inatosha kitambaa cha upana wa mita nne na kimo cha mita mbili na robo. Kwa kipimo kile cha mara sita, mtu wa mita 24 bado anaona.

Sasa mwezi. Mbalamwezi huifubaza picha, kwa hiyo fundi atakwambia chagua usiku wa kiza. Lakini nenda Mikindani au Msangamkuu usiku wa kiza uone nani yupo nyumbani. Wavuvi wa dagaa hutumia taa kuwavuta samaki, na taa hufanya kazi mwezi ukiwa haupo. Usiku ambao picha yako inang'aa ndio usiku ambao nusu ya wanaume wa kijiji wako baharini, na mbalamwezi inapopanda wao wanapumzika pwani. Kijiji cha wavuvi kinakulazimisha kuchagua kati ya picha na watu. Mimi huchagua watu, nageuza kitambaa kiupe mwezi mgongo na kuweka turubai jeusi nyuma yake. Kijiji cha wakulima hakina tatizo hilo, huko fuata kiza.

Halafu upepo. Kusi likivuma, kitambaa cha mita nne ni tanga, na tanga lisilo na jahazi linang'oa miti yake. Nilishawahi kuona picha ya uso wa mtu ikivimba na kunywea dakika 40 nzima, watoto wakicheka kila ikivimba, na filamu ilikuwa ya msiba. Funga pembe zote nne na katikati, au bora zaidi tumia ukuta uliopakwa chokaa: ukuta wa shule ya msingi au ofisi ya kijiji hauhitaji kamba. Mvua nazo kwetu ni msimu mmoja, huanza Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Ukiondoa mvua na ukiondoa miezi ya kusi kali, Septemba na Oktoba wakati wa maleleji, upepo unapobadilika, ndiyo inabaki ya raha. Ni mwanzo wa msimu wa korosho vilevile, na minada ikishaanza mkononi kunakuwa na chochote. Mfanyabiashara wa mtaani anayekataa kukuchangia Machi anaweza kukubali Novemba, ila Novemba una mvua kichwani.

Sauti ndiyo inayowaangusha wengi. Nje hakuna kuta za kuirudisha, na kila umbali unapoongezeka mara mbili sauti hupungua desibeli sita. Kuongeza sauti tu hakusaidii, wa mbele wanaziba masikio na wa nyuma bado hawasikii neno. Weka spika mbili, ziinue juu ya vichwa, na kabla ya siku yenyewe nenda katazame filamu nje, usiku, ukiwa umesimama mita 20. Mazungumzo uliyoyarekodi kwa kipaza sauti cha simu utayasikia yalivyo. Kama umeme hauaminiki, jenereta ya kilowati moja na nusu hadi mbili inabeba projekta, spika na kompyuta bila taabu. Ifiche nyuma ya jengo, upande ambao upepo haupulizi kuja kwenu.

Ruhusa ni nyingi kidogo, kwa kuwa ni mkusanyiko wa usiku wenye vipaza sauti. Anza kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji, mtendaji, kisha polisi wajue. Usipitie juu ya mwenyekiti hata kama una karatasi ya wilaya mfukoni. Ukienda kwake mapema na kumwamkia, yeye mwenyewe ndiye atakayetuma mtu kupiga mbiu. Na uangalie kalenda ya watu: Ramadhani, misiba, na msimu wa jando na unyago ambapo ngoma ya usiku ina wenyewe na wewe huna cha kushindana nayo. Gharama kubwa ni kukodi projekta na spika, usafiri na mafuta. Hakuna pesa itakayorudi, labda mwenye duka achangie ili jina lake litajwe.

Nije kwenye unachorudi nacho, kwa sababu hapa ndipo nilipofundishwa kazi.

Tulikuwa na filamu ya dakika 26 kuhusu binti anayeacha shule kwa ajili ya kuchota maji. Tuliionesha kwanza ukumbini, mjini, mbele ya watu 40. Wakasifu sana, hasa picha moja ya asubuhi, binti anapanda mteremko na ndoo kichwani, jua nyuma yake. Wiki mbili baadaye tukaipeleka kijiji kimoja cha uwanda wa Makonde, upande wa Newala. Watu wa huko juu maji wanayajua kwa miguu. Mama zao walikuwa wakishuka makorongo hadi bondeni na kupanda na mzigo. Tulipofika picha ile, kina mama wakaanza kunong'ona. Filamu ilipokwisha nikauliza kama kuna wa kusema neno. Mama mmoja akainuka, akajifunga khanga vizuri, akasema, "Mwanangu, binti yako hajabeba maji. Shingo yake inacheza."

Ndoo ilikuwa tupu kweli. Tulifikiri kamera haioni. Mama yule akaendelea kueleza, bila hasira, namna ndoo ya lita 20 inavyoifanya shingo isimame, mabega yashuke, na hatua iwe fupi, na kwa nini mtu aliyejaza haangalii pembeni. Wenzake wakawa wanaongezea. Lilikuwa somo la uigizaji la robo saa, na bado ninalo daftarini. Siku tatu baadaye tulirudi kupiga upya, ndoo imejaa, na yule binti muigizaji hakuhitaji kuelekezwa chochote. Watu wa ukumbini hawakunidanganya. Wengi wao maji yao hutoka bombani. Lakini filamu ilikuwa inawahusu watu wa uwandani, na wao tu ndio walioweza kunikamata.

Uwanja unamfaa mwenye filamu inayohusu maisha ya watu wale wale watakaokaa mbele yake, inayotazamika na rika zote, yenye picha kubwa na sauti safi. Haumfai mwenye filamu ya mazungumzo ya chini chini ndani ya chumba, wala asiye na watu watano wa kumsaidia kubeba na kulinda vifaa.

Ukumbini

Hapa unaalika, na anayekuja amekuja kwa ajili yako. Wanafunzi na wahadhiri wa chuo cha Stella Maris, walimu na wanachuo wa vyuo vya ualimu, watu wa chuo cha ufundi cha VETA, maofisa, watu wa mashirika, wenye hoteli, waandishi wa habari wa redio za hapa. Ni kundi dogo ambalo ndani yake yupo mtu mmoja anayeweza kuibadilisha kazi yako kwa simu moja. Wapo pia wanawake wengi kuliko kibandani, na wanakaa hadi mwisho. Kwa mwenye kupenda mahali penye historia, Mikindani lipo Boma la Wajerumani la 1895 ambalo liligeuzwa kuwa hoteli; sehemu za namna hiyo huvuta hata watu ambao wasingetoka nyumbani kwa ajili ya filamu ya mtu wasiyemjua.

Picha unaitawala, ukiziba madirisha. Ziba kweli, kwa mapazia mazito au maturubai, au onesha usiku. Sauti inataka uangalifu wa aina yake: kumbi nyingi zina sakafu ya vigae, kuta tupu na dari la juu, na neno likitoka linarudi mara mbili. Ukumbi ukijaa watu mwangwi unapungua, kwa hiyo usiujaribu ukiwa mtupu kisha ukate tamaa. Tandika mikeka pembeni na mbele. Na zima mapangaboi wakati wa sehemu za kimya kama joto linaruhusu.

Gharama ni kubwa kuliko zote: ukumbi, viti, maji na soda, kadi za mwaliko, pengine jenereta ya akiba. Ukishirikiana na chuo unaweza kupata ukumbi bila malipo au kwa kidogo, kwa sharti la kuongea na wanafunzi wao, na hilo ni sharti zuri. Muda nao ni gharama. Ukialika mgeni rasmi, panga filamu ianze ndani ya dakika chache baada ya kufika kwake, na hotuba zote zije baada ya filamu. Watu wakishaiona, hata hotuba inakuwa na cha kusema.

Unachorudi nacho ni majina, namba za simu na mjadala mrefu. Upungufu wake ni adabu. Mbele ya wazazi wako na mgeni rasmi hakuna atakayesimama aseme katikati ya filamu alipotea. Dawa niliyoipata ni karatasi ndogo isiyo na jina, maswali mawili tu: ni wapi ulitaka filamu iende haraka, na ni jambo gani hukuliamini? Kusanya kabla ya soda. Majibu ya karatasi na majibu ya kipaza sauti yanatofautiana mno.

Inamfaa mwenye filamu ya taratibu, makala za maisha halisi, filamu yenye mada nzito ya watu wazima, na anayetafuta mlango wa kuendelea. Haimfai anayetaka kujua kama mtu wa kawaida ataitazama.

Ukizisimamisha pamoja kwa lugha

Nimeona lugha ndiyo inayozitofautisha sehemu hizi kwa haraka. Chukua filamu iliyozungumzwa Kimakonde. Ukumbini weka maandishi ya Kiswahili chini ya picha na kazi imekwisha. Uwandani, Newala au Tandahimba, ondoa maandishi, hayana kazi, na utasikia kicheko cha aina ambayo tafsiri haiwezi kukipata. Kibandani maandishi hayasomeki na wazungumzaji wa lugha wamechanganyika, basi fuata mila ya kibanda: mtafute kijana mwenye sauti, mpe filamu siku mbili aitazame, akae na kipaza sauti atafsiri papo hapo. Mwongozaji mmoja wa Lindi alilikataa wazo hilo kwa kuwa alihofia kuharibiwa kazi. Alipokubali, yule kijana alitafsiri hata matusi ya kificho ambayo mwongozaji mwenyewe hakuyatia kwenye maandishi, na kibanda hakikutoka mtu.

Kwa hali yako

Kama filamu bado inahaririwa na unaweza kuibadilisha, anza na kibanda au uwanja. Hizo ndizo zitakazokuonesha pa kukata. Ukumbi uwe wa mwisho, filamu ikiwa imekomaa.

Kama umemaliza kabisa, na unalenga tamasha kama lile la Zanzibar, ZIFF, ambalo limekuwa likifanyika tangu 1998 na kuifanya Ngome Kongwe kuwa nyumba yake, nenda ukumbini. Utapata mjadala, picha za onesho na watu wa kukuandikia barua. Zingatia pia kwamba ZIFF wenyewe wamekuwa wakizipeleka filamu vijijini Unguja na Pemba, kwa hiyo onesho la uwanjani si jambo la kuficha kwenye maelezo yako.

Kama mfukoni kuna nauli tu, kibanda. Alasiri, katikati ya wiki, na ukae na daftari.

Kama mko watano au sita, kila mmoja na filamu fupi ya dakika 10 au 15, msizipeleke kibandani moja moja. Changeni projekta mfanye usiku mmoja uwanjani. Anzeni na ya kuchekesha, nzito iwe ya tatu, na msivuke dakika 90 kwa sababu watoto watalala na mama zao wataondoka nao. Lindi mnaweza kuulizia nafasi wakati wa Nanenane viwanja vya Ngongo mwanzoni mwa Agosti. Watu wako tayari wamekusanyika, ila kelele za jirani ni kubwa na kusi bado lipo, basi pelekeni filamu zinazoeleweka hata maneno mawili yakipotea.

Kama filamu yako ina jambo la siri za unyago au jando, uwanja uache kabisa, na hata ukumbini zungumza kwanza na makungwi na wazee. Kuna mambo ambayo mwenyewe hayataki mbele ya watoto na wageni, na ana haki.

Na kama umepiga maisha ya mtu halisi, mchonga vinyago, mvuvi, mama muuza mihogo, sehemu hizi zote tatu zisubiri. Beba televisheni ya nyumbani kwenu, ipakie kwenye bajaji, nenda hadi uani kwake. Mwoneshe yeye na watu wa nyumba yake, ukae kimya, umsikilize. Akisema hapa ondoa, ondoa. Kisha ndiyo umfuate afisa utamaduni.